Plagi Ikichomolewa, Umeme Bado Umo: Kubadilisha Valvu za Amplifaya ya Gitaa

Kila anayenipigia simu kuhusu amplifaya ya valvu, ile inayokuza sauti kwa chupa ndogo za kioo, huanza na bei. ECC83 shilingi ngapi? EL84 zipo Kariakoo au mpaka ziagizwe nje? Ni maswali ya haki, maana valvu haziuzwi kila duka. Ila kabla sijajibu, nami huuliza langu: una mita ya kupimia umeme? Akisema hana, habari za valvu tunaziweka kando, tunaanza na mita.

Kuchomoa valvu ya zamani na kuchomeka mpya ni kazi ambayo mtu akionyeshwa mara moja anaiweza. Hatari iko chini yake, ndani ya chesisi, yaani lile sanduku la chuma lenye nyaya zote, kwenye vikopo vinavyoitwa kapasita. Vikopo hivyo havitoi mlio, haviwashi taa, wala havina habari kwamba umeshachomoa plagi ukutani. Mpiga gitaa mmoja wa kwaya, kijana msikivu sana, aliwahi kuniambia huku bisibisi iko mkononi: "Kaka, si nimeshachomoa? Umeme utoke wapi tena?" Haya ninayoandika ni jibu langu kwake, kwa kirefu, na kwa yeyote mwenye wazo kama lake.

Amplifaya za valvu si nyingi hapa Dodoma. Makanisa na kumbi hutumia za transista, ambazo ni nyepesi na hazisumbui. Za valvu huingia kwa njia za pembeni: mgeni amemaliza mkataba wake anaiuza kabla ya kuondoka, kanisa rafiki la ng'ambo limetuma zawadi, mwanafunzi amerudi nayo kutoka masomoni. Nyingi ni ndogo, za wati 5 hadi 15. Mbele zina ECC83 moja au zaidi, ile ile ambayo Wamarekani huiandika 12AX7, na nyuma zina EL84 au 6V6 ya kusukuma spika.

Anayeipata hataki kuiachia, na namwelewa. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati wimbi la sauti kwa ghafla. Inalibana taratibu, na katika kulibana inazaa sauti nyingine za juu zinazopanda juu ya ile ya msingi. Naamini kabisa kwamba sikio lililokulia Ugogoni hulipokea jambo hili bila kufundishwa. Uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo hizo za asili zinazoishi ndani ya sauti moja, na ilimba, ala ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoipeleka mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose kwenye majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003, hupewa makusudi kitu cha kunguruma pembeni ya sauti safi. Kwa hiyo mtu akiniambia gitaa lake likipita kwenye valvu "linaimba", simwoni kama anatia chumvi.

Sasa umeme wenyewe. Ndani ya chupa ya valvu kuna hita inayopasha joto kathodi, kathodi ikipata moto inatoa elektroni, na elektroni zinavutwa na anodi iliyo upande wa pili. Fleming alitengeneza valvu ya namna hiyo Uingereza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye De Forest, Mmarekani, akaweka katikati waya wa tatu, gridi, na hapo ndipo sauti ndogo ilipoanza kuweza kutawala mkondo mkubwa. Mpaka leo kanuni haijabadilika. Hita ya valvu hizi hutumia volti 6.3 tu, umeme usiomtisha mtu. Lakini ili elektroni zivuke utupu zikafike kwenye anodi, anodi inahitaji volti nyingi: kwenye amplifaya ndogo ni kati ya 250 na 400 za umeme wa moja kwa moja (DC). Ni zaidi ya volti 230 zinazotoka kwenye soketi ya nyumbani kwako.

Umeme huo wa juu unalainishwa na kapasita. Kapasita ni simtanki: bomba la mtaani likifungwa, maji yaliyomo hayajaondoka. Tuchukue kapasita moja ya mikrofaradi 47 iliyojaa volti 300. Ndani yake kuna nishati ya takriban juli 2, inayoweza kutoka yote kwa kupepesa jicho. Inatosha kuurusha mkono wako ukagonge chuma chenye ncha, na ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine inapita kifuani, kwenye moyo. Amplifaya yenyewe ina kapasita za namna hiyo tatu au nne.

Baadhi ya watengenezaji huweka rezista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, ya kuzimwaga kapasita polepole baada ya kuzima. Wengine hawaweki. Na hata ikiwepo inaweza kuwa imekatika, na ukiiangalia kwa macho hutajua. Kuna njia nzuri ya kusaidia: unapozima, acha swichi ya kusubiri (standby), kama ipo, kwenye nafasi ya kupiga, kisha zima swichi kuu. Valvu zikiwa bado na moto zitaendelea kunywa umeme uliobaki. Lakini valvu iliyokufa hainywi kitu, na wewe umefungua amplifaya kwa sababu unashuku kuna iliyokufa. Ndiyo maana mita haina mbadala.

Nitasema wazi kuhusu ile desturi ya kumwaga kapasita kwa kuzigusanisha na bisibisi. Nimewaona mafundi wazuri, watu ninaowaamkia shikamoo kwa moyo wote, wakifanya hivyo mbele ya vijana wanaojifunza. Cheche inaruka, chuma kinayeyuka nukta ndogo, kapasita inatikisika kwa ndani, na kipande cha moto kinaweza kuingia jichoni. Mbaya zaidi, kijana anajifunza kwamba cheche ndiyo ushahidi wa usalama. Siku isipotokea cheche kwa sababu bisibisi haikugusa vizuri, atatia mkono. Tuiache.

Badala yake tumia rezista ya kilo-omu 10, ya wati 5, unayoweza kuipata Dodoma kwenye duka lolote la vifaa vya redio. Ichomee waya mbili zenye ganda nene, kila moja na klipu mwishoni, kisha funika viungo vyote kwa mpira wa kubana. Klipu ya kwanza ishike kwenye chesisi. Ya pili, kwa mkono mmoja, ishike kwenye mguu chanya wa kapasita ya kwanza. Mkono wa pili uwe mfukoni au nyuma ya mgongo, na miguuni vaa viatu vya mpira, maana sakafu ya saruji na miguu mitupu ni njia nyingine ya umeme. Kapasita ya mikrofaradi 47 humwagika kupitia rezista hiyo kwa sekunde kama tatu, ila zile za mbele yake zimeunganishwa nayo kupitia rezista nyingine, kwa hiyo nazo zinachelewa. Iache nusu dakika. Kisha pima kila kapasita kwa mita, moja baada ya nyingine, kwenye nafasi ya volti 1000 za umeme wa moja kwa moja, halafu shuka nafasi za chini. Ikibaki volti moja au mbili, sawa.

Mita nayo ihojiwe. Ipime kwanza kwenye betri ya volti 9, ndipo uende kwenye kapasita, kisha urudi tena kwenye betri. Mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali, na hakuna sifuri mbaya kama hiyo. Angalia pia nyaya zake: zile nyembamba za mita za bei ya chini hupasuka ganda karibu na ncha, na pale pale ndipo vidole vinaposhika.

Jambo moja huwashangaza wengi. Kapasita uliyoimwaga hadi sifuri, ukiiacha huru kwa muda, inaweza kujirudishia volti kadhaa. Vitu vilivyo ndani yake vilikuwa vimeshika chaji kidogo ambayo hutoka taratibu. Kwa hiyo acha ile klipu ya rezista mahali pake muda wote unaofanya kazi, na uiondoe mwishoni kabisa kabla ya kurudisha umeme.

Hayo yote ni ya anayefungua chesisi. Amplifaya nyingi ndogo valvu zake zinafikika kwa nyuma, ukishatoa ubao au wavu wa kinga. Kama yako iko hivyo na unachotaka ni kubadilisha valvu tu, usifungue chesisi kabisa. Zima, chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona, subiri valvu zipoe. EL84 ikiwa kazini kioo chake huzidi nyuzi joto 200, na vidole havisubiri maelezo. Ondoa kofia ya chuma ya ECC83 kwa kuibonyeza na kuizungusha, legeza springi inayoshikilia EL84, kisha shika valvu chini karibu na soketi, kwa kitambaa kikavu, uivute juu huku ukiiyumbisha kidogo sana kwa mzunguko. Mpya iingie kwa kulenga nafasi: miguu tisa ya EL84 na ECC83 ina pengo upande mmoja, na 6V6 ina kigingi katikati chenye mkato wake. Ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu. Itoe, angalia mguu uliopinda, unyooshe polepole.

Lakini je, valvu ndiyo yenye kosa? Nimeshika valvu nyingi zilizotolewa zikiwa nzima, na za kampuni zenye sifa. Kuna dalili chache za kuaminika. Juu ya chupa, kwa ndani, kuna doa la fedha linalong'aa. Kazi yake ni kunyonya hewa iliyobaki. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo cha EL84 si ugonjwa, usikutie hofu. Mlio wa kengele ukigonga ECC83 taratibu kwa penseli ya mbao ni ishara kwamba vyuma vya ndani vimelegea. Na kama soketi zimejaa vumbi, zisafishe kwanza kabla ya kununua chochote. Wanaoujua upepo wa Dodoma wa Agosti na Septemba wanajua vumbi letu linavyopenya hata kwenye kabati lililofungwa. Kwenye soketi yenye volti 300, vumbi likichanganyika na mafuta ya moshi wa jikoni na unyevu wa masika hutengeneza njia ya kaboni kati ya mguu na mguu, na umeme huanza kuruka humo. Brashi laini na dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, plagi ikiwa nje na kapasita zimemwagwa, huokoa valvu nyingi.

Dalili ninayoiogopa ni anodi kuwaka nyekundu. Nazungumzia bamba la chuma la kijivu lililozizunguka hita, siyo hita zenyewe ambazo ni kawaida kuwaka rangi ya machungwa. Bamba likianza kuwa jekundu, zima papo hapo. Hapo ndipo watu hutupa pesa: wanaona EL84 imewaka, wanasema imekufa, wanaweka mpya, nayo baada ya wiki inafuata njia ile ile. Valvu ya kwanza haikufa yenyewe. Iliuliwa.

Muuaji wa kawaida ni kapasita ndogo inayounganisha ECC83 na EL84, mara nyingi ya mikrofaradi 0.022. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja, kwa sababu upande mmoja una volti zaidi ya 150 za anodi ya ECC83 na upande wa pili ni gridi ya EL84 inayotakiwa kukaa karibu na sifuri. Ikizeeka ikaanza kuvuja, volti chache chanya zinafika kwenye gridi, na gridi chanya ni mlango uliofunguliwa: elektroni zinamiminika kupita kiasi, anodi inapata moto, transfoma nayo inapata moto. Kipimo chake ni rahisi kwa anayejua kupima. EL84 ikiwa imetolewa, mita ikiwa imeshikishwa klipu kati ya mguu namba 2 wa soketi na chesisi kabla ya kuwasha, washa na usome bila kugusa kitu. Ikionyesha volti moja chanya au zaidi, badilisha kapasita hiyo kwanza. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na valvu. Kama kupima amplifaya iliyowashwa si kazi yako, mpelekee fundi na umwambie maneno haya haya: "Naomba unipimie volti za gridi kabla hatujaweka valvu mpya."

Amplifaya ndogo nyingi zinajirekebisha mkondo zenyewe kupitia rezista ya kathodi, hivyo huhitaji kurekebisha kitu ukibadilisha valvu za nguvu. Nyingine hazijirekebishi na lazima zipimwe, kwa hiyo tafuta mchoro wake kabla ya kuamua. Hata zile zinazojirekebisha, mimi hupima. Mfano: kathodi ya EL84 ina rezista ya omu 150 na mita inasoma volti 6.9 juu yake. Gawanya, unapata miliampea 46. Toa kama 5 zinazoenda kwenye gridi ya pili iliyomo ndani ya EL84, zimebaki 41 za anodi. Kati ya anodi na kathodi kuna volti 255. Zidisha, ni wati 10.5 hivi. Kikomo cha EL84 ni wati 12, basi iko salama. Ukipata 14 au 15, usijipongeze kwa sauti nzito unayoisikia. Unaila valvu.

Mafundi wa redio wa zamani wana taa ya sirizi: balbu ya nyuzi, siyo ya LED, iliyofungwa kwa mfululizo na soketi ya majaribio. Kwa amplifaya ya wati 5 balbu ya wati 60 inafaa. Baada ya kuweka valvu mpya washa kupitia hapo. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, songa mbele. Ikiwaka kwa nguvu zote na isishuke, kuna shoti mahali, na balbu imekuokolea transfoma. Balbu hizo zinaadimika madukani, kwa hiyo ukiziona nunua za akiba. Na kabla ya kuwasha kwa namna yoyote, hakikisha spika imeunganishwa, ya omu zile zile zilizoandikwa nyuma. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuchoma transfoma yake ya kutolea sauti, na hiyo ni ghali kuliko valvu zote kwa pamoja.

Lipo jambo la Dodoma hasa ambalo halimo kwenye vitabu vya maelekezo vinavyokuja na amplifaya. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chesisi, na chesisi inatakiwa iunganishwe na ardhi kupitia waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Kosa likitokea ndani, ethi hupeleka umeme ardhini na fyuzi inakatika. Lakini ethi hutegemea udongo, na udongo mkavu ni kipitishi duni cha umeme. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili tu. Ile fimbo ya shaba iliyosomeka vizuri Februari inaweza kusomeka vibaya kabisa Oktoba ardhi ikipasuka. Mpiga gitaa anayeimba, mikono yake iko kwenye nyuzi na midomo yake inagusa maikrofoni iliyoungwa kwenye mashine nyingine: kama ethi haipo au ni dhaifu, yeye mwenyewe ndiye anageuka waya. Ukisikia mwasho kwenye midomo, usiuzoee. Acha kupiga, zima, mwite fundi umeme apime ethi ya jengo, na aipime kiangazi. Zile adapta za pini mbili zinazokata ethi zitolewe kanisani na kwenye ukumbi wowote. Swichi ya kinga inayokata umeme mara tu unapovuja si anasa, ni kifaa cha kwanza ambacho kamati ya muziki ingepaswa kukinunua kabla ya spika nyingine.

Amplifaya iliyotoka Marekani iangaliwe nyuma kwanza. Kama imeandikwa volti 120 tu, haiingii kwenye soketi yetu ya 230 bila transfoma ya kushusha, na hata ikishushwa, transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Ipe nafasi ya kupumua.

Kuhusu kununua, valvu mpya leo hutoka hasa Slovakia, Urusi na China. Mwaka 2022 usafirishaji kutoka Urusi ulivurugika na bei zikapanda, na tangu hapo nimekuwa nikiwashauri watu kuagiza kwa pamoja, watatu au wanne, na kuomba zipakiwe kila moja kwenye boksi lake. Mzigo ukifika Dar es Salaam, mpe mtu anayekuja na treni ya SGR aupakate. Ukizipokea, zikague pale pale: doa la fedha liwe linang'aa, kusiwe na kitu kinacholia ndani ukizitikisa kidogo. Zile za zamani zilizotoka nzima usizitupe. Bandika karatasi yenye mwezi na soketi ilikotoka, uziweke. ECC83 nzima ya akiba ndiyo kipimo cha haraka kuliko vyote: unaibadilishanisha na unayoishuku, unasikiliza, na unajua kama unahitaji kuagiza au la.

Kwa saa la kwanza baada ya kuweka valvu za nguvu, kaa karibu na amplifaya, kifuniko cha nyuma kikiwa kimerudishwa, watoto wasikaribie. Zima taa ya chumba kwa muda mfupi uangalie mabamba kama kuna wekundu. Gusa kabati kwa nje karibu na transfoma: vuguvugu ni sawa, ya kukufanya utoe mkono si sawa. Andika volti ya kathodi uliyosoma kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya kabati pamoja na tarehe, ili fundi atakayefuata, awe wewe au mwingine, aanze na namba mkononi.